Nyumba imekaa miezi 14 bila mnunuzi, na shemeji anataka theluthi

Barua ya leo imetoka Goma, mashariki mwa Kongo, kwa mama mjane wa miaka 47 anayeishi mtaa wa Himbi. Imejaza kurasa tatu za daftari. Naifupisha kwa ruhusa yake.

«Shangazi, salamu kwako. Mume wangu alifariki 2023, akaniacha na watoto wanne na nyumba tuliyoijenga wote wawili, kidogo kidogo, tangu 2009: vyumba vinne, saloni (sebule), na anexi, nyumba ndogo ya nyuma. Deni la hospitali limebaki dola 4,200, na shule hazingoji. Nimeiweka nyumba sokoni miezi 14 sasa, mikononi mwa makomisionere (madalali) watatu. Nilianza na 95,000, nimeshuka hadi 80,000. Wanakuja, wanatazama, wanasifu, hawarudi. Mfanyabiashara mmoja ananipa 45,000 taslimu. Mwingine anasema 60,000, ila atoe 20,000 leo, nimpe funguo, zinazobaki amalize ndani ya mwaka na nusu. Shemeji yangu anataka theluthi. Nikikataa ataandika kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa nje: NYUMBA HII HAIUZISHWI. Saloni ina ufa tangu matetemeko ya 2021. Wageni wakija naufunika na kalenda. Jirani anasema nyumba imefungwa, na kuna mtu wa maombi anayetaka dola 300 aifungue. Usiku silali. Nikubali 45,000, ama ni mkosi wangu?»

Mdogo wangu, pole kwa msiba, na pole kwa usiku usio na usingizi. Nianze na hizo dola 300: zibaki mfukoni mwako. Omba kama ulivyozoea kuomba, bila malipo. Nyumba yako haina mchawi.

Ile 95,000 ulianza nayo najua ilikotoka, maana sisi wote tuliilea kichwani. Kwa zaidi ya miaka 20, nyumba za Himbi, Katindo na mtaa wa Les Volcans zilipimwa kwa kodi ya wageni: watu wa Umoja wa Mataifa na watu wa mashirika, waliolipa kwa dola na kwa miezi mingi mbele. Mtu alihesabu kodi ya miaka kadhaa, akaiita bei ya nyumba. Kisha ikaja mwisho wa Januari 2025. Mji uliingia mikononi mwa waasi wa M23, benki zikafunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa. Mwaka uleule Marekani ikakata misaada yake, mashirika yakafukuza wafanyakazi, na wengi waliokuwa wanalipa kodi zile wakafunga mizigo. Bei uliyoishika ni ya mji ule wa zamani.

Mfikirie na mnunuzi. Benki ikiwa imefungwa hakuna mkopo. Franga yake, yaani pesa yake, ni ile iliyo chumbani kwake, ama ile atakayovuka nayo mpaka kutoka Gisenyi, Rwanda, roho ikiwa juu. Unajua mwenyewe jinsi noti ya 100 inavyotazamwa kwetu: ikichanika milimita mbili pembeni inarudishwa, ikiwa ya zamani inarudishwa. Sasa mtu ahesabu noti mia nne na hamsini juu ya meza yako, moja moja, huku akijiuliza kama karatasi anayosaini leo itatambuliwa kesho na mamlaka itakayokuwepo. Kwa hiyo wanunuzi ni wachache, na hao wachache wana woga. Woga wao si dharau kwako.

Lakini soko si sababu yote, na hapa nisikilize vizuri. Katika kurasa zako tatu umeandika rangi ya vigae, umeandika miti ya parachichi, na hukuandika hata mara moja sertifika ya parseli, hati ya kiwanja, ina jina la nani. Ni mstari mmoja tu, uliokaribia kuniponyoka: «karatasi zake zote ninazo sandukuni». Zake. Basi jina ni la marehemu. Mnunuzi mwenye akili anasifu saloni, anaaga, kesho yake anamtuma mtu ofisini kwa konservateri, msajili wa ardhi. Anaambiwa mwenye nyumba ni mtu aliyekufa, hakuna likwidateri, yaani msimamizi wa urithi, na kuna shemeji anazunguka na kopo la rangi. Hawezi kurudi. Angekuwa ndugu yangu, ningemwambia mwenyewe asirudi.

Na yule wa 45,000 si mwizi. Ameona yote hayo, akafanya hesabu: amekata shemeji, amekata jina la marehemu, amekata na ile kalenda. Ukimuuzia leo, unamlipa yeye kwa kazi ambayo wewe unaweza kuifanya kwa miezi michache na franga kidogo sana ukilinganisha.

Kazi yenyewe ni hii. Chukua cheti cha kifo. Itisha kikao cha familia, pande zote mbili, watoto wakubwa wakiwepo, na kiandikiwe PV (kumbukumbu za kikao) yenye saini. Kwa PV hiyo mwende mahakamani, mahakama imthibitishe likwidateri. Kama marehemu hakuacha wosia, sheria inamtazama kwanza mkubwa wa warithi ama yule ambaye warithi wenyewe wamemchagua. Kwa hiyo mwanao wa kwanza, kama ametimiza miaka 18, anaweza kuwa ndiye. Yule mwanao mdogo wa miaka 12 hasaini, na hakimu atauliza sehemu yake italindwa vipi. Uwe na jibu. Hapo ndipo sertifika ibadilishwe. Tafuta avoka (wakili), umlipe kwa hatua, usimpe yote siku ya kwanza. Na sertifika ya asili isitoke sandukuni kwa mtu yeyote, hata awe na tai shingoni. Anayetaka kuona aone fotokopi, kisha aende kuhakikisha ofisini.

Nije kwa shemeji. Najua ni kaka mkubwa wa marehemu, najua alisimamia mazishi, na kumkabili mtu wa namna hiyo kunakausha mate. Kwa hiyo usimkabili kwa maneno, mkabili kwa Kanuni ya Familia, ile ya 1987 iliyorekebishwa 2016. Kama mlifunga ndoa kwa eta sivili, ofisi ya serikali, na hamkuchagua kutenganisha mali, mlichokipata ndani ya ndoa ni cha wote wawili. Nyumba mliijenga kuanzia 2009 mkiwa mmeoana: nusu ni yako tayari, haikuingia kwenye urithi. Kinachorithiwa ni nusu ya marehemu. Katika nusu hiyo, watoto wanachukua robo tatu. Robo inayobaki inagawanywa kati ya wewe mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake kama kundi. Sehemu kubwa kabisa ambayo ndugu wote pamoja wanaweza kuipata ni moja ya nane ya urithi. Nyumba ikiuzwa 80,000, hiyo ni dola 5,000 za kugawana wao kwa wao. Yeye peke yake anataka karibu 27,000.

Tena sheria hiyohiyo inampa mjane haki ya kuikalia nyumba waliyokuwa wakiishi na mumewe. Hakuna wa kukutoa.

Mpelekee hesabu hiyo kikaoni, mbele ya wazee, kwa adabu, na haki yao ya kweli uwaandikie kwenye PV bila kusukumwa. Nimeona mashemeji wengi wakipoa walipoona jina lao limeandikwa kwa kiasi kinachojulikana. Kinachowatia moto mara nyingi ni hofu ya kukuta mama ameuza usiku na kuondoka na watoto.

Sasa yule wa 60,000 kwa vipande. Kwa huyu naandika mkono ukiwa mzito.

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipoingia mjini, nyumba ya mama yangu ilifunikwa. Tulibaki na parseli ya mawe meusi ambayo siku nyingi baadaye ilikuwa bado inatoa joto ukikanyaga. Akaja mtu mwenye heshima zake. Akatoa nusu, akasema nusu nyingine baada ya miezi sita. Mama alikuwa na watoto sita kwa jamaa, akampa karatasi zote. Ile nusu ya pili mama amekufa hajaiona. Mtu yule alivunja mawe, akajenga juu yake, na sisi tukawa tunapita mbele ya geti lake tukienda sokoni, mama akigeuza uso upande wa pili wa barabara. Kwa hiyo, mdogo wangu, funguo hazitoki kwa 20,000. Akiingia na watoto wake na fenicha zake, wewe ndiye utakuwa mgeni, utaanza kumpigia simu za kubembeleza, na mahakama ya kumtoa itakula hata hizo 20,000.

Kama anaipenda nyumba kweli, mwambie hivi: aingie kama mpangaji, kwa mkataba wa kodi. Sambamba na hapo muandikishe ahadi ya mauzo kwa mthibitishaji wa hati (notari), inayosema umiliki unahama siku dola ya mwisho inapofika, na itakuwaje asipomaliza. Akikasirika kusikia hivyo, umeshapata jibu lako.

Lakini mimi ushauri wangu ni kwamba mwaka huu usiuze kabisa. Deni linalokunyima usingizi ni dola 4,200, nawe unataka kulizima kwa kuteketeza nyumba nzima. Una anexi nyuma. Hamia huko na watoto, nyumba kubwa ipangishe. Kodi haitakuwa ile ya wakati wa mashirika, iweke ya mji wa leo ili mtu aingie mwezi huu. Garanti, ile amana ya mpangaji, kwa nyumba ya kuishi sheria ya 2015 inaruhusu isizidi miezi mitatu. Uipokee ukijua ni franga ya mpangaji, itarudi kwake siku moja. Kisha nenda hospitalini mwenyewe, na kodi ya kwanza mkononi, uombe ratiba ya malipo. Anayekuja na franga kidogo na karatasi ya ahadi husikilizwa kuliko anayejificha. Najua kulala kwenye anexi huku mgeni analala chumba ulicholala na mumeo si jambo dogo. Utalia wiki mbili. Lilie humo humo kwenye parseli yako.

Na makomisionere watatu ni wengi. Kila mmoja anaongeza chake juu, matokeo yake nyumba moja inatembea Goma na bei tatu: mnunuzi anasikia 80 huku, 88 kule, 95 kwa mwingine, anaamini kuna ujanja. Baki na mmoja, ambaye unajua kwake na unajua mke wake, na asiwatoze watu franga ya kutazama.

Siku ya kuuza ikifika, sertifika ikiwa safi, nadhani hutasikia tena 45,000. Pengine hutasikia na 80,000. Jiandae moyoni kwa kitu cha katikati, na kabla ya kutaja bei usihesabu jasho la marehemu, mnunuzi hakumjua. Atauliza mambo mengine. Atauliza lava ya 2002 ilipita wapi, na kwa Himbi na Keshero atauliza mazuku, ile hewa nzito inayotoka ardhini na kulala mabondeni, inayoua mbuzi na hata watu alfajiri. Kama parseli yako haina, mwonyeshe kuku wanaolala chini kabisa ya uwanja. Na mnunuzi wa ng'ambo ya mpaka asikuahidi makubwa: konsesio ya kudumu, yaani haki ya ardhi isiyo na kikomo, sheria ya 1973 imeiwekea Mkongomani, mgeni anapata ile ya kawaida, ya miaka 25 inayorudiwa.

Nimalizie kwenye ile kalenda. Itoe, leo. Kila mtu wa Goma aliyehama mji kwa miguu kwenda Sake mwezi wa tano 2021 anajua kwamba kuta zilipasuka. Anayekuta ukuta mzima anashangaa. Lakini anayeinua kalenda na kukuta ufa umefichwa, anaanza kutafuta na vingine ulivyoficha, na kila anachowaza anakikata kwenye bei. Mwite fundi mwashi. Apake plasta juu ya ufa sehemu tatu, juu, katikati na chini, kila moja upana wa kiganja, nyembamba, ikamate ukuta pande zote mbili. Ikikauka, uandike juu yake tarehe kwa penseli. Ufa ukiwa bado unatembea, plasta itakatika na utajua ni msingi, uite mtu wa kupima kabla ya lingine lolote. Ikikaa nzima miezi sita, mnunuzi atasoma tarehe kwa macho yake, na wewe hutahitaji kumwapia.

Fanya hivyo kabla ya kikao cha familia, kisha niandikie ulichokiona.

Shangazi