Jibu: Flashi moja ya Gentoo kwa kompyuta 12

Mdogo wangu wa Kisauni, swali lako nimelielewa. Una kompyuta 12 za mitumba, zenye prosesa za zamani za Intel, Core 2 Duo, na RAM ya GB 2, na wataka flashi moja ya Gentoo, aina ya Linux inayojengwa kutoka msimbo chanzo, ya kuwasha kila mashine kisha ikompaili mfumo mzima palepale, yaani igeuze msimbo huo kuwa programu za kuendeshwa. Mimi nilianza hivyo hivyo, chumba kimoja hapa Majengo, mashine sita. Usirudie ujinga wangu.

Niliziwasha zote kwa pamoja, kila moja ikikompaili GCC yake, yaani kikompaili chenyewe. Msimu wa kaskazi, feni zalia kama nzi kwenye chupa, chumba hakikaliki. Kila mashine niliipa MAKEOPTS (mpangilio wa kazi ngapi za kukompaili ziende kwa pamoja) ya kazi nne, nami nilikuwa sijui kwamba kila kazi yataka kama GB 2 za RAM. Zikaanza kusaga diski badala ya kukompaili. Usiku stima ikapotea. Kulipokucha sikuwa na hata mashine moja iliyomaliza, na kazi ile ile ilikuwa imefanywa nusu nusu mara sita.

Kosa ni kuchanganya shughuli mbili: kukompaili na kusakinisha. Mashine inayokompaili yataka nguvu, diski kubwa na UPS. Flashi ya kusakinisha yataka wepesi tu. Tafuta kompyuta moja yenye nguvu, hata ya kuazima, iwe ndiyo karakana. Zile 12 zipokee vifurushi vya programu vilivyokwisha kuiva.

Zamani mtumiaji wa Gentoo alianza mwenyewe na stage1, mfumo wenye vifaa vichache tu vya kuanzia, akajenga kikompaili, ndipo mengine yakafuata. Siku hizi waanza na stage3, mfumo wa msingi uliokwisha kukompailiwa, ambao Gentoo hutoa mpya kila wiki. Stage1 na stage2 hazikufa, zimebaki ndani ya Catalyst, programu wanayotumia wao wenyewe kutengenezea vyombo vyao. Waipa stage3 iliyopo kama mbegu, na picha (nakala iliyogandishwa ya siku moja) ya mti wa Portage, yaani maelekezo ya kujenga kila programu, nayo yajenga stage1, kisha stage2, kisha stage3 mpya, na mwisho ISO, faili la kuwashia mashine kwa flashi. Kila hatua ina faili lake la maelezo. Mafaili hayo yatunze kwa git (programu ya kuweka historia ya mabadiliko), na picha ya mti usiibadilishe katikati ya kazi. Mimi niliibadilisha siku moja kati ya hatua mbili, nikashinda nikifukuza kosa ambalo halikuwa kwenye faili langu.

Sasa mtego mkubwa. Karakana yangu ilikuwa na prosesa mpya zaidi, i7, nami kwa ushamba nikaweka -march=native, yaani kompaili kwa ajili ya prosesa hii hii. Vifurushi vikatoka safi kabisa. Kuvipeleka kwenye Core 2 Duo, kila programu inakata kwa "Illegal instruction", hata bash. Kikompaili kilitumia AVX2, amri za prosesa mpya, na wazee wale hawana amri hizo. Core 2 Duo haifikii hata x86-64-v2, daraja la pili la amri za prosesa za biti 64. Weka -march=x86-64 ya kawaida na umpikie mnyonge kuliko wote, wenye nguvu watakula pia. Tena tangu mwisho wa 2023 Gentoo wenyewe hutoa vifurushi vilivyokompailiwa kwa x86-64 ya kawaida, basi vile ambavyo hukubadilisha bendera zake za USE (za kuchagua vipengele vya programu), vichukue kwao. Wengine humu watasema huo si Gentoo tena. Waache, wao hawalipi tokeni zako za stima.

Kwenye flashi yenyewe weka ISO, stage3, na folda ya vifurushi vyako. Msimbo chanzo wa ulivyokompaili uweke pembeni kwenye diski ya karakana, kwa sababu ukiwagawia watu programu za GPL, leseni ya programu huria, bila wao kuweza kupata chanzo chake unavunja leseni. Firmware ya kadi za Wi-Fi, programu ndogo inayoziendesha, usiisahau. Na ISO iweze kujipakia yote kwenye RAM, ili mashine ikishawaka uchomoe flashi uende kwa jirani yake. Lakini kwa GB 2 hapo ndipo utaona faida ya ISO ndogo: mimi niliwahi kuweka eneokazi zima lenye kivinjari, na nafasi ya kufanyia kazi ikaisha.

Jambo ambalo hakuna mwongozo ulionitahadharisha: saa. Mashine hizi za mitumba betri ya ubao inayotunza saa imekufa, ukiwasha zinasoma mwaka wa zamani. Vyeti vya HTTPS (vya usalama wa tovuti) vinakataa na sahihi ya stage3 inaonekana imetoka siku zijazo. Andika hati fupi ya amri (script) inayokataa kuendelea mpaka tarehe isahihishwe.

Flashi zenyewe zipime kwanza kwa F3, programu ya kuona ujazo wake halisi. Nilinunua moja ya GB 64 kwenye kibanda, ndani ilikuwa na GB 8. Vifurushi vya mwisho vilinakiliwa bila kosa lolote, kisha havikusomeka.

Kabla ya kubeba chochote jaribu ISO kwenye QEMU, programu inayoiga kompyuta, ukiipa RAM ya GB 2 tu, mara moja kwa BIOS ya zamani na mara moja kwa UEFI, zile njia mbili za kuwasha mashine. Catalyst ikikugomea, bandika faili zima la maelezo hapa pamoja na logi (kumbukumbu ya kilichotokea). Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu siifungui.