Takwimu haikaririki mkuu, nilijaribu nikapigwa sapu (mtihani wa marudio)

Mkuu umesema pepa ya stats ni wiki tatu zijazo na umeshakariri fomula zote ila swali likigeuzwa kidogo tu unapotea. Mi nilikuwa hivyohivyo nikiwa diploma, nikala sapu.

Kilichonifungua ni fildi. Tulitumwa kukusanya data za kipato cha bodaboda, watu 40, mi nikaenda kijiweni saa sita mchana na dodoso langu nikamaliza fasta nikajiona mjanja. Mwalimu akauliza swali moja tu, saa sita mchana unayemkuta amekaa kijiweni ni nani? Si ndo asiye na abiria! Wenye kazi wako barabarani. Sampuli yangu yote ilikuwa ya waliokosa wateja, kwahiyo hata ningehoji mia tano bado ingekuwa imeegemea upande mmoja. Afu na swali lenyewe lilikuwa bovu, niliuliza "kwa siku unapata shingapi", kuna aliyenitajia kabla ya kutoa mafuta na hesabu ya bosi na kuna aliyenitajia inayobaki mfukoni, vyote nikavipanga safu moja. Angalia sensa ya Tanzania ya 2022, karani hakuuliza tu mnaishi wangapi hapa, aliuliza nani walilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, maana swali likiwa legelege mtu mmoja atahesabiwa kwake na kwa shemeji yake. Ukiulizwa kwenye pepa kasoro za dodoso andika vitu vya namna hii, usitiririke tu "linachukua muda mrefu".

Kwenye hesabu, wengi wanaliwa na midiani (thamani ya katikati) ya data zilizopangwa kwenye makundi. Tuseme n (idadi ya watu wote) ni 40, midiani iko kundi la 50–59 lenye frikwensi 16 (yaani watu 16), na makundi yaliyotangulia jumla yao ni 12. Unaanzia 49.5 SIO 50 (mpaka halisi wa kundi, katikati ya 49 na 50), na upana ni 10 sio 9 (watu wanatoa 59 kwa 50 wanapata tisa, hapo ndo maksi zinaondoka). Kwahiyo nusu ya 40 ni 20, 20 toa 12 ni 8, gawa kwa 16, zidisha kwa 10 unapata 5, jumlisha na 49.5 jibu 54.5. Ukiona umepata jibu lililo nje ya 49.5 mpaka 59.5 ujue umekosea, rudi nyuma kabla hujaenda swali lingine.

Wastani na midiani kipi utumie lini? Chukua ofisi ya watu watano, mishahara laki 2, laki 2 na nusu, laki 2 na nusu, laki 3, na bosi milioni 4. Wastani unakuja milioni moja kamili, wakati wanne kati yao hakuna anayezidi laki tatu 😂 Midiani ni laki 2 na nusu, hiyo ndo inasema ukweli wa pale. Modi (inayojirudia zaidi) ni hiyohiyo pia, modi haina mambo mengi.

Leo jioni uliza watu 20 hapo hosteli wanatumia shingapi kwa siku, panga makundi mwenyewe, kokotoa wastani, midiani na modi kwa mkono. Na uamue kwanza kama vocha na nauli unazihesabu au la.