Maswali na Majibu: Kidole Kilichofichwa na Mambo Mengine ya Visimani

Wengi wanaoniandikia kutoka kaunti hii ya Nakuru hawajawahi kugusa mafuta. Kazi yao ni ya mvuke wa ardhini unaozalisha umeme: Olkaria kule Naivasha, au Menengai hapa juu ya mji wetu, ambako uchimbaji ulianza mwaka 2011. Wapo pia walioelekea Turkana baada ya mafuta kupatikana katika kisima cha Ngamia-1 mwaka 2012. Ukishapanda kwenye jukwaa la rigi, ule mtambo wa kuchimbia visima, tofauti ni ndogo. Mabomba ni yale yale, minyororo ni ile ile, na mkono wa binadamu haubadiliki. Nilifanya kazi hiyo miaka 11, nikamalizia kama ofisa wa usalama. Barua zenu nazisoma zote. Hizi ni za mwezi huu.

Mzee, tongi, lile koleo kubwa la kukazia mabomba, ilinibana kidole cha shahada, ncha ikakatika. Msimamizi aliniomba niseme nilijikata nyumbani, kwa sababu ubao ulikuwa karibu kufika siku 200 bila ajali na kila mtu alingoja bonasi. Nilikubali. Sasa ni miezi minne na kidole hakikunji. Nimechelewa? (Naivasha)

Pole sana, kijana wangu. Hujachelewa. Wala sikulaumu, maana ubao huo naujua. Unasimama langoni, na kila asubuhi mtu anafuta namba ya jana kwa kitambaa na kuandika ya leo. Ikifika namba fulani kila mmoja anapata kitu, unga, mafuta ya kupikia, pesa kidogo. Basi anayeumia siku ya 198 anaonekana kama amewaibia wenzake. Niliwahi kumkuta mwenzetu amesimama kando ya tangi la matope ya kuchimbia, mkono wa kushoto ameuficha ndani ya koti. Nikamwambia autoe. Glavu ilikuwa imeloa damu hadi kwenye kifundo, na alipoivua ilitoka na ukucha. Alikuwa amefanya kazi hivyo karibu saa mbili. Siku hiyo hakuna kilichoandikwa. Mimi nilikuwepo na nilinyamaza, na najuta hadi leo. Ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, ile tunayoiita WIBA, inakupa miezi 12 tangu siku ya ajali kudai fidia. Taarifa kwa mwajiri inaweza kuwa ya mdomo au ya maandishi, lakini wewe andika. Taja tarehe, saa, kisima, kazi mliyokuwa mkifanya na waliokuwepo. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Msimamizi wako alijua tangu dakika ya kwanza, na mwajiri aliyejua ajali hata kwa njia nyingine hawezi kukukatalia kwa kusema tu hukuripoti. Akishapokea taarifa yako ana siku 7 za kumfikishia Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Akikaa kimya, nenda wewe mwenyewe kwenye ofisi ya idara hiyo hapa Nakuru mjini.

Jambo gumu ni cheti cha hospitali. Kama uliwaambia ulijikata nyumbani, kimeandikwa hivyo. Rudi kwa daktari, umweleze ukweli na sababu ya uongo wa kwanza. Tafuta pia mwenzako mmoja aliyeona tukio, aandike alichokiona na kutia sahihi. Usitengeneze uongo wa pili kuziba wa kwanza, kwa sababu jeraha la kubanwa na chuma na jeraha la kisu havifanani, na daktari anayepima ulemavu atatambua.

Kuhusu pesa: kwa ulemavu wa kudumu sheria inachukua mapato ya miezi 96, kisha inapiga hesabu kwa asilimia ya ulemavu uliopimwa. Kwa mfano tu, mtu anayepata shilingi 30,000 kwa mwezi akipimwa asilimia 10, hesabu inafika shilingi 288,000. Overtaimu unayofanya kila mwezi kama kawaida ya kazi ni sehemu ya mapato, kwa hiyo usikubali wahesabu mshahara mtupu. Linganisha na bonasi uliyolindia ubao.

Mwanangu ameitwa kwenye rigi na mimi ni mjane, yeye ndiye tegemeo langu. Ni kitu gani hasa kinachowaumiza huko? (Mama, Bahati)

Mama, hofu yako ina msingi na sitaipuuza. Watu hudhani ni mlipuko. Mlipuko upo, lakini unaokula vijana kila siku ni uzito wa chuma kinachotembea. Huko Marekani, ambako hesabu zimewekwa miaka mingi, vifo 3 kati ya kila 5 vinavyotokea pale kisimani hutokana na kugongwa, kunaswa au kubanwa na kitu. Bomba linateremshwa, watu wawili wanalielekeza kwa mikono, mmoja anaangalia juu badala ya kuangalia kiganja chake. Nyundo ndogo iliyosahauliwa kwenye dereki, yaani mnara wa rigi, ikidondoka mita 30 inampasua mtu aliye chini hata akiwa na helmeti. Bomba la mpira lenye presha likichomoka kwenye kiungo linapiga kama mjeledi.

Mwambie avue pete kabla ya kutoka nyumbani, hata ya ndoa. Ikinasa kwenye ndoano wakati mwili unaruka chini, inavua nyama yote ya kidole kama soksi. Nimeiona mara moja na sitaki kuiona tena. Mwambie pia akiwa mgeni aulize sana. Wasimamizi wazuri humpa mgeni helmeti ya rangi tofauti ili kila mtu amtupie jicho, na kijana asiione kuwa ni aibu.

Mimi ni kibarua, nalipwa kwa siku na sina barua ya kazi. Nikiumia nina haki? (Subukia)

Unayo. Makubaliano ya mdomo ni mkataba pia, na hata mwanagenzi anayejifunza kazi anahesabiwa. Kinachokuangusha ni ushahidi. Hifadhi jumbe za M-Pesa unazolipwa, piga picha daftari la kuingia langoni, andika jina la aliyekuita kazini. Glavu, buti na miwani mwajiri anapaswa kukupa bure, asikukate hata senti.

Tukifungua kisima nasikia harufu ya mayai viza, halafu baada ya muda inaisha. Wenzangu wanasema ikiisha gesi imepeperuka. Ni kweli? (Longonot)

La, ndugu yangu! Nakuomba uwasomee wenzako jibu hili kwa sauti.

Gesi hiyo ni haidrojeni salfaidi. Ikiwa kidogo sana pua inaisikia mapema. Ikifika kama sehemu 100 katika milioni ya hewa, inaiua ile nguvu ya pua ya kunusa. Harufu inapotea wakati gesi ndiyo inazidi. Ikipanda hadi 500 mtu anaanguka, na ikikaribia 1,000 pumzi chache tu zinatosha kumtoa uhai. Kwa hiyo harufu ikipotea ghafla na upepo haujabadilika, hiyo ni hatari na uondoke hapo. Kipima gesi kinachovaliwa kifuani, karibu na mdomo, kwa kawaida huwekwa kilie kwenye 10. Kikilia usikizime ukaendelea na kazi.

Ni gesi nzito kuliko hewa, basi inatuama. Kile kishimo cha zege kinachozunguka kichwa cha kisima, mnachokiita sela, ndiko inakolala, hasa alfajiri pasipo na upepo. Huku kwetu kwenye bonde kuna kaboni dayoksaidi pia, nayo inatuama vilevile na haina harufu hata kidogo. Mtu anashuka kufunga valvu, magoti yanaregea, anakaa chini kama aliyechoka. Mwenzake anaona, anaruka ndani kumtoa. Naye anakaa. Uchunguzi wa Marekani kuhusu vifo vya kwenye mashimo na matangi ulikuta zaidi ya nusu ya waliokufa walikuwa waokoaji. Najua ni vigumu kumwona rafiki yako amelala hatua tatu kutoka ulipo na usimrukie. Lakini pasipo mtungi wa hewa na barakoa yake, kushuka ni kuongeza maiti. Piga kelele, tazama soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha mwelekeo wa upepo, kimbilia upande upepo unakotoka, na anayeshuka awe amevaa mtungi na amefungwa kamba inayoshikwa na watu walio juu.

Tulikuwa tukirudishwa mjini baada ya shifti ya usiku, gari la kampuni likapinduka karibu na Gilgil. Nimevunjika mguu. Wanasema ajali ya barabarani si ajali ya kazi. (Nakuru)

Wanakosea. Gari likiwa limetolewa na mwajiri kwa ajili ya kuwabeba wafanyakazi kwenda au kutoka kazini, WIBA inahesabu safari hiyo kuwa ni sehemu ya kazi. Dai matibabu. Kwa muda ambao huwezi kufanya kazi, mradi umefika siku 3 au zaidi, dai pia malipo yako, na yanaweza kuendelea hadi miezi 12.

Na niseme neno kuhusu usingizi. Huko Marekani karibu watu 4 kati ya 10 wanaouawa na kazi hii wanafia barabarani. Dereva aliyekesha saa 12 na wafanyakazi hana macho ya kutosha kuwarudisha. Muombe meneja wenu dereva aliyelala, aje na gari asubuhi. Nimeona ombi hilo likikubaliwa kwa mazungumzo ya dakika kumi.

Ndugu yangu aliingiza mkono kwenye pampu ya matope kutoa kitambaa, mtu akaiwasha. Amepoteza vidole vitatu. Kampuni inasema alivunja maagizo hivyo hapati kitu. Wakili naye anataka twende kortini. (Rongai, Nakuru)

Mpe pole nyingi. Fidia hukataliwa kwa utovu wa makusudi wa mfanyakazi, na hata hapo si pale ambapo jeraha limemwachia ulemavu mkubwa au kifo. Zaidi ya hapo, sheria inasema wazi kwamba mtu akikiuka maagizo huku akifanya jambo kwa faida ya kazi ya mwajiri, ajali hiyo bado ni ya kazi. Ndugu yako hakuwa anacheza. Alitaka pampu ifanye kazi.

Swali ninalotaka kampuni ijibu ni hili: swichi ya pampu ilikuwa na kufuli la nani? Anayeingiza mkono kwenye mashine anazima umeme, anatia kufuli lake, ufunguo anauweka mfukoni mwake, na kadi yenye jina lake inaning'inia pale. Kama rigi haina kufuli hizo, kosa lilianza kabla ndugu yako hajafika kazini siku hiyo.

Msikimbilie kortini kwanza. Mahakama ya Juu iliamua mwezi Desemba 2019 kwamba njia ya WIBA ni halali, na madai yanaanzia kwa Mkurugenzi. Msiporidhika na uamuzi wake mna siku 60 za kuweka pingamizi. Akishajibu, mna siku 30 za kukata rufani katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Wakili anaweza kuwasaidia katika hatua zote hizo, lakini akiruka ya kwanza mtapoteza miaka.

Maji ya moto ya kisima yalinirukia mkono, wakanipaka kolgeti. Walifanya vizuri? (Kisumu)

Hapana, dada. Weka chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, vua saa na bangili kabla mkono haujavimba, funika kwa plastiki safi, nenda hospitali. Dawa ya meno, mafuta, ute wa yai, vyote vinafungia joto na uchafu ndani. Na kwa kuwa tumeshafika huko: kidole kikikatika, kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, tia kwenye mfuko wa plastiki ulioziba, kisha mfuko huo uweke kwenye maji yenye barafu. Kisigusane na barafu yenyewe, itaua nyama.

Tangu tulipojaribu kisima masikio yanalia usiku kucha. Yatapona? (Naivasha)

Kama yamelia zaidi ya siku mbili nenda ukapimwe sasa, na uombe karatasi ya vipimo. Kanuni za kelele za 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye zaidi ya desibeli 90 kwa saa 8, na mvuke unaotoka wazi kisimani unapita hapo kwa mbali. Vaa vizibo vya masikioni na vifuniko juu yake, vyote viwili. Usikivu uliokwisha kufa haurudi.

Nilikataa kupanda dereki upepo ukiwa mkali. Nimeambiwa nikae nyumbani hadi nitakapoitwa. Nimekosea? (Kakamega, nafanya kazi Lokichar)

Hukukosea. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakutaka umwarifu msimamizi mara unapoona hatari kubwa iliyo karibu, na inamkataza mwajiri kukurudisha pale kabla hatari hiyo haijaondolewa. Inamkataza pia kukufukuza au kukuonea kwa sababu ulilalamika. Je, uliwaambia kwa maandishi? Kama hukufanya hivyo, tuma ujumbe leo kwa simu: "Tarehe fulani, saa fulani, nilikataa kupanda kwa sababu ya upepo, nikaambiwa nikae nyumbani. Naomba kujua nirudi lini." Maneno hayo yanatosha. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama yenye wajumbe wa wafanyakazi, hivyo nakala mpelekee mjumbe wenu. Wakijibu, au wakinyamaza kwa wiki moja, niandikie tena nami nitakuonyesha ofisi ya kwenda.