Maswali na Majibu: Babu Fundi wa Île de France

Barua za safari hii karibu zote zinahusu mafundi Wafaransa waliohamia Île de France, ndiyo Morisi ya leo, na vizazi vyao vilivyosambaa hadi pwani yetu.

Bibi yangu, mzaliwa wa Shelisheli aliyeolewa Mombasa, alituambia kuwa babu wa babu yake alikuwa seremala kutoka Ufaransa. Je, nianze kutafuta Paris?

Hapana. Anza na cheti cha bibi yako, kisha panda kizazi kimoja kimoja bila kuruka. Walowezi wa kwanza wa Shelisheli, waliofika mwaka 1770, walitokea Île de France, kwa hiyo huenda nyayo za seremala wako zikapita Port-Louis, bandari kuu ya kisiwa hicho. Amri ya mfalme ya Juni 1776 iliagiza nakala za daftari za makoloni zipelekwe Versailles. Leo zimehifadhiwa Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa, na nyingi za ubatizo, ndoa na maziko zinasomeka bure katika intaneti. Kijiji alikozaliwa kitafute katika hati yake ya ndoa, ambamo padri kwa kawaida aliandika parokia ya bwana harusi na majina ya wazazi wake. Ikiwa alifika kabla ya 1767, kisiwa kilipokuwa bado mikononi mwa Kampuni ya Kifaransa ya Bara Hindi, pekua pia orodha za mabaharia na abiria zilizoko Lorient, bandari ya Ufaransa. Na wanawake watafute kwa jina la ukoo wa baba zao, maana Wafaransa hawakuwaandika kwa majina ya waume.

Nimepata mti wa ukoo uliokamilika hadi 1650. Niunakili?

Usiunakili mpaka uone hati ya kila mtu aliyemo. Nimelijibu swali hili mara nne tangu Januari, na sitalijibu tena.

Mbona babu yetu ana majina mawili yaliyounganishwa na neno «dit»?

Maana yake ni «aitwaye». Askari wengi walipewa jina la kambini, mathalani La Fleur, wakabaki nalo hata waliposhika ufundi. Watoto waliweza kurithi lolote kati ya hayo mawili, kwa hiyo tafuta yote.

«Calfat» ni kazi gani?

Neno unalo nyumbani: ni fundi wa kalafati, anayeziba mianya ya mbao za chombo. Nashangaa kwamba barua hii imetoka Lamu.

Ndoa ilifungwa tarehe 12 nivôse, mwaka wa 8. Je, ni 1708 au 1808?

Si huu wala ule. Hiyo ni kalenda ya Mapinduzi, inayohesabiwa kuanzia Septemba 1792, na tarehe yako ni 2 Januari 1800. Majedwali ya kubadilishia tarehe yapo tele. Tafadhali yatazameni kabla ya kuniandikia.

Orodha ya mali ya marehemu ina zana pamoja na majina ya watumwa. Familia inataka ninakili zana tu.

Nakili yote. Notari, yaani mwandishi rasmi wa hati, aliingia karakana akaandika tezo, misumeno na randa kuukuu, kisha, kwa mwandiko uleule, mtu mwenye jina moja tu la ubatizo, umri wake, ufundi wake na bei yake. Akiwa ameandikwa seremala, basi yaelekea kabati mnalojivunia kwenu lilitoka mikononi mwake. Maneno «taifa la Msumbiji» nayo yasikupoteze, kwa sababu yalibandikwa hata kwa waliotoka Kilwa na bara lake. Septemba 1776, miezi mitatu tu baada ya amri ile ya nakala, Mfaransa Morice alitiliana saini na Sultani wa Kilwa mkataba wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piastre 20, yaani sarafu za fedha, kila mmoja.

Jambo jingine ambalo hukuuliza: sheria ya 1723 ilikataza ndoa kati ya weupe na weusi visiwani humo. Usipomwona mama wa watoto wa fundi wako katika daftari la ndoa, irudie orodha hiyohiyo, pamoja na hati za kuwaacha watumwa huru, ukasome majina ya wanawake.