Barua kwa mwanangu: fundo alilolijua bibi yako

Dodoma

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema chuoni wamewapima damu kabla ya kuingia wodini kwa mazoezi, na majibu yako ya homa ya ini B ni HBsAg (protini ya koti la kirusi) hasi, anti-HBs (kingamwili za koti hilo) chanya, anti-HBc (kingamwili za kiini cha kirusi) hasi. Hilo neno "chanya" limekunyima usingizi. Kisha ukauliza: damu yangu inakijuaje kirusi ambacho haijawahi kukutana nacho?

Lala, mwanangu. Chanya hiyo ni ya kingamwili, yaani protini za damu zinazowashika wavamizi, si ya kirusi. Ni zile dozi tatu za chanjo ya homa ya ini B ulizochomwa.

Sasa swali lako. Unamkumbuka bibi yako wa Kongwa. Trakoma ilipommalizia macho, bado alfajiri alikwenda zizini, akapapasa kamba za ndama, akajua ipi kaifunga yeye na ipi kaifunga mjomba wako. Alijua kwa fundo. Ukilifungua, kamba ni ileile, urefu uleule, ila vidole vyake havina tena cha kutambua. Kingamwili nazo hazina macho. Zinapapasa.

Kirusi hiki kimevaa koti la mafuta lililochomekwa protini. Iliyo nyingi zaidi ni mnyororo wa asidi amino 226, zile punje zinazojenga protini. Kipande chake kimoja, takriban kuanzia ya 124 hadi ya 147, kimechomoza nje, na hapo mnyororo haukunyooka: umejikunja vitanzi, na vitanzi vimekazwa kwa viungo vya salfa kati ya sisteini na sisteini, aina ya asidi amino yenye salfa. Ndilo fundo lenyewe. Kingamwili nyingi zinazotukinga hushika hapo, nazo hushika umbo. Ukivivunja vile viungo vya salfa maabara, asidi amino zote zimebaki kwa mpangilio wake, lakini kingamwili nyingi hazishiki tena. Miaka yote niliyokaa maabara jambo hili halijaacha kunishangaza. Hata badiliko moja linaweza kulegeza fundo: kuna virusi ambavyo kwenye nafasi ya 145 asidi amino ya glaisini imeondoka ikaingia ya arginini, na baadhi ya kingamwili za chanjo huvipita bila kuvishika vizuri.

Ulivyouliza, ni kama damu ilijua mapema. Haikujua. Mwili hutengeneza seli B, zile zinazozalisha kingamwili, kwa mamilioni, kila moja na umbo lake la kushikia, yote yakipatikana kwa kuchanganya vipande vya jeni bila kujua adui gani atakuja. Chanjo ilipoingia begani, zile chache zilizolingana na fundo zikazaliana. Wazao wao wakabadilika kidogo kidogo, wanaoshika vizuri zaidi wakabakizwa, kama tunavyochagua masuke mazuri ya mtama kwa mbegu.

Na kirusi chenyewe hakikuwamo ndani ya chupa ya chanjo. Ilikuwamo protini ya koti tu, iliyotengenezwa na hamira iliyopandikizwa jeni yake. Ndiyo maana anti-HBc yako ni hasi: hizo ni kingamwili za kiini, na kiini hukaa ndani ya koti. Aliyeugua akapona kwa kawaida huwa nazo zote mbili. Karatasi yako inasema wazi kwamba kinga yako imetoka kwenye sindano.

Utakapopewa mkononi kipimo cha haraka cha HBsAg, ujue kile kijikaratasi nacho kimepakwa kingamwili. Kwa mgonjwa, makoti matupu yasiyo na kiini huelea kwenye damu kwa maelfu kwa kila kirusi kamili. Yakinaswa, mstari wa pili unatokea. Mama mjamzito akitokewa na mstari huo, kaa naye, usimtupie karatasi. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, takriban 9 kati ya 10 hubaki na virusi hivyo mwilini.

Waulize pia kiwango cha anti-HBs yako. Kinga huhesabiwa kuanzia 10 mIU/mL. Na Jumatatu vaa glavu. Fundo hili si la homa ya ini C wala la VVU.

Mama yako