Tiba ya selimundu imepatikana, mbona huku hatuioni?

Swali: Daktari habari. Kijana wangu ana miaka tisa na ana selimundu, baridi ya Julai ikiingia ni kulia tu na mifupa. Nasikia tiba ya jeni ilipatikana 2023. Mbona Nairobi hatuioni, na watafiti huwa wanafanya nini miaka yote hiyo? – Mama Brayo, Kayole

Jibu: Pole sana Mama Brayo. Ni kweli, inaitwa Casgevy, Uingereza waliipitisha Novemba 2023 na Marekani Desemba. Lakini hiyo kazi ilianza kitambo, 1948 huko New York daktari wa watoto Janet Watson aliona watoto wachanga wenye selimundu hawaugui miezi ya kwanza, akashuku wanakingwa na ile himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) mtoto huzaliwa nayo. Na alikuwa sawa kabisa, ila hakuna aliyejua ni nini huizima mtoto akikua. Jeni inayoizima, BCL11A, ilikuja kujulikana 2008, miaka 60 baadaye, na zana ya kukata jeni, CRISPR, ikaja 2012. Hapo sasa ndio unaanza maabara, panya, wagonjwa wachache, halafu wengine, na hakuna hatua ya kuruka manake ukikata jeni mahali si pake huwezi kurudisha.

Yenyewe si sindano ya kudungwa uende nyumbani. Wanatoa seli mama za damu yako, zinapelekwa kurekebishwa kwa CRISPR ili BCL11A isiizime tena himoglobini ya utotoni, halafu unapewa kemo kali ya kumaliza uboho wa zamani ndio urudishiwe zako, na unalazwa wiki kadhaa. Bei Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja na ilipopitishwa ilikuwa ya miaka 12 kwenda juu. Hiyo bei inaniuma sana, kwa sababu watoto wengi wa ugonjwa huu wanazaliwa huku kwetu Afrika.

Sasa sikia, kuna haidroksiyurea, dawa ya zamani ya saratani, nayo inapandisha hiyo hiyo himoglobini ya utotoni, na ni ya kumeza tu. Utafiti wa REACH uliofanywa nchi nne za Afrika, hapa Kenya ikiwa Kilifi, ulitoa matokeo 2019: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, hata malaria na vifo. Kama kijana hajaanzishiwa, kliniki ijayo uliza ni kwa nini, usiogope kuuliza. Atapimwa damu kabla ya kuanza na tena mara kwa mara, kwa sababu dozi ikizidi inashusha seli nyeupe. Na akishikwa na homa, iwe anaitumia au la, usingoje asubuhi, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.