Je, upepo hufanya fujo? Kuhusu kitenzi «alborotar»

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa tafsiri. Kamusi ninayotumia inaeleza kitenzi cha Kihispania «alborotar» kuwa ni kufanya fujo, lakini nimekutana na sentensi «El viento le alborotó el pelo», inayohusu upepo na nywele. Upepo unafanyaje fujo? Na je, ninaweza kukitumia badala ya «amotinar»?

JIBU: Ndugu msomaji, kamusi yako imekupa tawi ikaacha shina. Kiini cha kitenzi hiki ni kukitoa kitu katika utulivu wake, na neno letu linalokikaribia zaidi, kwa maoni yangu, ni kutibua: anayetibua maji ya kisima huyainua matope yaliyokwisha kutuama. Fujo hujitokeza hasa pale kitenzi kinapokosa yambwa, yaani mtu au kitu kinachotendwa, kama katika «Los niños alborotan en el patio», yaani watoto wanapiga makelele uani. Kikipata yambwa, tafsiri hufuata kile kilichotibuliwa.

Kwa hiyo sentensi yako ni «Upepo ulimvuruga nywele», na ukipenda waweza kuongeza «zikawa timtim». Angalia jinsi «le» inavyofanya kazi ya «-m-» yetu: kama tusemavyo «alimvunja mkono», Kihispania humtaja mwenye kiungo kwenye kitenzi, kisha hukiacha kiungo chenyewe bila kimilikishi, yaani neno kama «yake». Wanaopitia Kiingereza kwanza huandika «su pelo», yaani «nywele zake», ilhali Mswahili hana sababu ya kuteleza hapo.

Umbo la kujirejea, «alborotarse», hutumika kwa watu waliotaharuki na hata kwa bahari iliyochafuka. Msemo «alborotar el gallinero», yaani kutibua banda la kuku, humhusu mtu aliyezua zogo palipokuwa shwari. Nisingeutafsiri kwa kuchokoza nyuki, kwa kuwa nyuki huuma, na kuku wale hupiga kelele tu.

Ama «amotinar», hicho ni cha mabaharia au askari wanaowaasi wakuu wao. «Alborotar» kiliwahi kubeba maana hiyo na kamusi bado huitaja, lakini leo ukikusudia uasi andika «amotinar». Jihadhari pia na «alborozar», ambacho ni kufurahisha mno.

Nomino yake ni «alboroto», ghasia. Hata hivyo, ukiuziwa «alborotos» huko Honduras au Guatemala, utapewa bisi zilizogandishwa kwa asali au sukari.